Kuediti sauti na muziki wa filamu ya darasa ukiwa Dodoma: maongezi kwanza, biti mwisho

Mbukwenyi wadau. Naandika hii kwa sababu kila semista ikifika wiki ya projekti naanza kupigiwa simu na madogo, "kaka sauti yetu imegoma, tufanyeje", na nikifungua kazi yao nakuta jambo lilelile, wameanza na biti. Biti limewekwa siku ya kwanza, limejaa toka sekunde ya kwanza mpaka majina ya mwisho, afu maongezi yamebanwa chini yake kama abiria wa mwisho kwenye daladala la jioni. Na siwacheki, maana sisi mwaka wetu tulifanya hivohivo. Tulikuwa na filamu ya dakika 12, bibi mmoja wa Ng'ong'ona na mjukuu wake anayetaka shamba la zabibu liuzwe. Tukaionesha darasani, mwalimu akasimamisha, akauliza "huyu bibi kasema nini hapo?" Darasa kimya. Hata mimi niliyeediti nilikuwa sijui.

Tulipewa wiki mbili turudie. Ninachoandika hapa ndo hizo wiki mbili, pamoja na vingine nilivyojifunza baadae. Mpangilio ni huu: maongezi, afu sauti za mazingira, afu vishindo, muziki mwisho kabisa. Ukianza na muziki unakudanganya, unaona sini imekaa vizuri kumbe ni biti ndo limekaa vizuri, maongezi bado kimeo.

Utatumia nini

Kompyuta ikiwa na nguvu chukua DaVinci Resolve, ya bure inatosha kabisa na ndani yake kuna ukurasa mzima wa sauti unaitwa Fairlight. Ila wenyewe wanataka RAM ya GB 16, kwahiyo ile laptopu ya GB 4 uliyonunua bumu lilipotoka itapiga kelele kama jenereta. Ukiwa na laptopu ndogo, Reaper ni nyepesi, inaonesha na video, unaijaribu siku 60 bure. Audacity ni ya bure na nzuri kwa kusafisha klipu moja moja ila haichezi video, kwahiyo usitegemee kusinki (kulinganisha sauti na midomo) filamu nzima humo. Wa CapCut kwenye simu, mengi hapa chini yatawasaidia, ila ya kuunganisha silabi mtapata tabu kidogo.

Hedifoni ni lazima, ya kufunika masikio ikiwezekana. Spika za laptopu hazitoi besi kabisa, mngurumo wa upepo hutausikia mpaka siku ya kuonesha ukumbini ambako kuna spika kubwa, na hapo ndo aibu.

Hatua ya 1: panga mafaili

Hii fupi. Folda nne: maongezi, mazingira, vishindo, muziki. Kila faili lipe jina la sini na teki, mfano s04_t3_bibi, sio AUD-2024-WA0017. Kila kitu kiwe WAV ya 48 kHz, biti 24 (hii ni biti ya kompyuta, sio biti la muziki). Hiyo 48 ndo ya video, 44.1 ni ya muziki wa CD, na ukichanganya bila kujua kuna programu zitakuchezea sauti ikiwa imevutika. Ukubwa usikutishe, dakika moja ya mono (chaneli moja) ni kama MB 8.6, nusu saa haifiki hata MB 300. Na usipokee sauti ya filamu kwa WhatsApp kama voisi, itume kama dokyumenti au tembea na flashi.

Weka kopi mbili sehemu mbili. Umeme wetu unaujua.

Hatua ya 2: kusinki

Kama mlirekodi sauti kwenye kifaa kingine tofauti na kamera, tafuta lile kofi mlilopiga mwanzo wa teki. Kwenye mawimbi ya sauti linaonekana kama mwiba, unapanga mwiba wa kamera na mwiba wa maiki, basi, unaizima sauti ya kamera. Hamkupiga kofi? Resolve inaweza kulinganisha mawimbi yenyewe, na ikishindwa tafuta herufi inayofunga midomo, p au b au m, fremu ambayo midomo inakutana ndo hiyohiyo ya sauti kukatika.

Sasa kuna ugonjwa wa simu. Simu nyingi zinarekodi video kwa idadi ya fremu inayobadilikabadilika, zinapanda zinashuka kutokana na mwanga na joto la simu. Matokeo yake mwanzo wa klipu midomo iko sawa, ukifika dakika ya sita bibi anafunga mdomo afu neno linakuja nyuma yake. Watu wanakesha wanasogeza sauti kidogokidogo. Usifanye hivo. Pitisha klipu zote kwenye HandBrake kwanza, ni ya bure, kwenye sehemu ya video chagua fremu zisizobadilika na namba ileile mliyoshutia, 25 au 30, ndo uingize kwenye programu ya kuediti.

Jambo jingine dogo: sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, na kwenye fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni sehemu 40 za elfu ya sekunde. Maiki ikikaa mita 14 kutoka kwa mtu umeshachelewa fremu nzima. Kwahiyo ile shoti ya mbali ya kwenye shamba ambayo sauti ilitoka kwenye kamera, ivute ianze mapema kwa fremu moja au mbili utaona imekaa.

Hatua ya 3: maongezi

Hapa kaa sana. Mimi nikiwa na siku kumi, sita zinaishia hapa.

Anza kwa kusikiliza teki zote za sini moja bila kuangalia picha. Fumba macho. Andika kwenye karatasi teki ipi ina neno lipi safi, maana teki yenye sura nzuri mara nyingi sio yenye sauti nzuri, na nani kakwambia lazima vitoke teki moja? Picha ya teki ya 2 inaweza kuvaa sauti ya teki ya 5, hasa mtu akiwa amegeuka au yuko mbali.

Mfano wetu. Bibi alikuwa na sentensi moja ndo moyo wa filamu: "Mimi sitoki hapa, wenzio wamezikwa hapa." Teki nzuri kuliko zote, sauti imemshuka vizuri, machozi karibu, na palepale kwenye "wamezikwa" ikapita bodaboda imetobolewa ekzosti. Teki nyingine ilikuwa safi ila bibi alishachoka, mwanzo wa sentensi unasikika kama anasoma. Tulichofanya ni kukata katikati ya neno. Ukilivuta lile wimbi ulione kwa karibu, kabla ya k, t na p kuna kakimya kadogo sana, koo au midomo imefunga, afu ndo pumzi inatoka. Hako kakimya ndo mlango wako. Tukachukua "wamezi" kutoka teki nzuri, tukafunga, "kwa hapa" ikatoka teki ile nyingine, tukaweka kivuko (sauti moja inazima huku nyingine inaingia) cha sehemu 10 za elfu ya sekunde tu, na kwa sababu mtu anaingia kwenye "kwa" akitokea kwenye kimya sikio halina kitu cha kulinganisha. Mpaka leo hakuna aliyenishika. Ukikata katikati ya irabu, kwenye a au e iliyovutwa, utasikia sauti imeruka, na karibu maneno yetu yote yanaishia na irabu kwahiyo mtu asiyejua anakatia palepale mwisho wa neno na kumkata bibi ulimi.

Baada ya kuchagua, usafi. Fuata huu mfuatano.

Kwanza kata besi isiyo na kazi: chini ya Hz 80 kwa mwanaume, 100 kwa mwanamke, na kama palikuwa na upepo panda mpaka 120. Hii peke yake inaondoa nusu ya takataka. Kama kuna ule mvumo wa umeme, mmmm, huo unakaa Hz 50 na ndugu zake 100 na 150, weka mashimo membamba hapo hapo, usifute eneo zima.

Pili, chumba. Tulishutia sini mbili gheto, kuta za saruji, sakafu ya saruji, dari la mabati bila siling'i, yani ukiongea unajisikia uko ndani ya ndoo. Punguza kidogo kati ya Hz 250 na 400, dB 3 zinatosha. Mwangwi wenyewe hautoki. Nasema ukweli, kuna programu zinajaribu ila kwa bure za kuaminika ni chache, kwahiyo wakati wa kushuti tundikeni kanga, blanketi, godoro liegemee ukutani.

Tatu, kelele ya nyuma. Hapa ndo watu wanaua filamu. Unachukua sampuli ya kelele sehemu ambayo hamna anayeongea, unaiambia programu ipunguze, na mkono unakuwasha unapeleka mpaka mwisho, sauti inatoka kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa la maji. Usizidi dB 10 au 12. Kelele kidogo ikibaki haina shida, mazingira utakayoweka baadae yataifunika.

Upepo je? Huku kwetu kiangazi upepo ni mhusika, hauombi ruhusa. Upepo ukiwa umepiga maiki mpaka wimbi limekatwa juu kama limepigwa panga, hilo neno limekufa, usipoteze usiku. Nenda hatua ya 4. Na kwa mara ijayo, funika maiki na manyoya. Maiki ya bumu (sio lile bumu la Bodi ya Mikopo) inauzwa na manyoya yake ila yanaongeza bei, sisi tulienda kwenye mitumba Sabasaba tukanunua koti la mtoto lenye kofia ya manyoya, tukakata, tukashona juu ya sponji. Linafanya kazi.

Nne, pumzi. Usizifute zote, mtu asiyepumua anatisha. Zishushe dB 6 hadi 10. Na zile p na b zinazopiga maiki "puh", kata besi kwenye hiyo herufi tu.

Mwisho wa hatua hii, jaza mashimo. Kila ulipokata pana kimya cha kifo, sikio linashtuka. Ndo maana mkiwa lokesheni lazima mtu aseme "tulieni wote" mrekodi kimya cha hapo mahali kama dakika moja. Kimya cha gheto la Ng'ong'ona saa nane mchana sio kimya hata kidogo, mabati yanalia tak, tak kwa jua, kuna kuku, kuna redio ya jirani kwa mbali. Hicho ndo unachokitandaza chini ya sini nzima, na ghafla teki saba tofauti zinakuwa chumba kimoja.

Na mkishindwa kukirekodi? Okoteza vipande vya kati ya maneno, viunge mpaka vifike sekunde 10, viweke kwa kupishanisha ili visijirudie kimidundo.

Hatua ya 4: kurudia maneno yaliyokufa

Muite mwigizaji, mwoneshe klipu, asikie sentensi yake kwenye hedifoni mara tatu, aiseme mara ya nne. Sentensi moja moja, sio ukurasa. Mahali: ndani ya gari lililopaki ni studio nzuri kuliko unavyofikiri, au chini ya blanketi gheto. Ila Dodoma mchana chini ya blanketi ni adhabu, fanyeni usiku, saa nane saa tisa hata bodaboda zimelala. Zima feni. Zima friji, na ukizima friji weka funguo zako humo ndani, hutatoka bila kukumbuka kuiwasha. Maziwa ya mwenye nyumba yaliwahi kuharibika kwa ajili ya sanaa yetu, naomba isijirudie.

Mwigizaji akiwa mtu mzima, kama bibi wetu, usimsomeshe mambo ya hedifoni. Shikamoo, kaa nae, muulize lile swali ambalo mjukuu anamuuliza kwenye sini, atakujibu kwa sauti ileile. Maiki umbali uleule wa kwenye sini, maana ukiisogeza mdomoni atasikika kama mtangazaji wa redio kaingia shambani.

Hatua ya 5: mazingira

Hapa nina kesi ya bundi. Sini ya usiku, bibi kakaa nje peke yake, tukapakua "usiku wa kijijini" kutoka mtandaoni, vyura, nyenje, safi kabisa. Tulipoenda kuionesha kwa majirani wa bibi, sini ile ikifika watu wakaanza kunong'onezana, mama mmoja akasema kwa sauti "haya, keshakufa huyo." Tukashangaa, bibi hafi kwenye hadithi. Kurudi kusikiliza: kwenye ile klipu kuna bundi, analia mara mbili kwa mbali. Aliyerekodi huko alikorekodi kwake ni ndege tu. Kwetu bundi ni uchuro, ukimweka usiku juu ya nyumba ya mzee umeshaandika mazishi.

Kwahiyo sikiliza klipu za kupakua mpaka mwisho, na ikiwezekana rekodi zako. Simu ndani ya soksi, iweke juu ya ukuta, ondoka, rudi baada ya dakika tano. Tulirekodi alfajiri Ng'ong'ona: jogoo, adhana mbali, punda wamebeba madumu, kengele za ng'ombe. Jioni Jamatini: bajaji, wapiga debe, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Kila mahali pana saa yake, usiweke jogoo saa kumi jioni labda kama una sababu.

Tandaza mazingira mfululizo sini nzima, usiyakate kila picha inapokatwa. Na jaribu kuyaingiza kabla ya picha: sauti ya Jamatini ianze fremu 10 au 12 wakati bado tunamwona bibi, afu ndo picha ihamie mjini. Fanya hivohivo na maongezi, mjukuu aanze kuongea tukiwa bado tunamwangalia bibi anavyoipokea. Ni kazi ya kuvuta tu ukingo wa klipu, ila ndo inatofautisha filamu na slaidi za picha.

Hatua ya 6: vishindo

Nyayo, mlango, kikombe, jembe, mkasi wa kupogolea zabibu. Maiki ya maongezi haijali hivi vitu, inabidi uvifanye upya kwa mkono huku unaangalia picha. Nyayo za udongo wetu mkavu: beseni, mchanga, na viatu vilevile vya kwenye picha. Jani la zabibu: karatasi za mitihani ya zamani, usizikunje sana. Mvua mwezi wa nane utaitoa wapi? Nenda kwa muuza chipsi, subiri atumbukize viazi kwenye mafuta, rekodi kwa karibu, shusha kidogo zile za juu kabisa. Ni mvua juu ya mabati, utaapa.

Usifanye kila kitu. Fanya kile ambacho jicho la mtazamaji liko nacho. Bibi akiweka kikombe chini kwa hasira, kikombe kisikike, nyayo za mjukuu anayepita nyuma ziache.

Hatua ya 7: muziki

Umefika. Na sasa angalia filamu nzima bila muziki kwanza, uliza ni wapi hasa panahitaji. Sisi toleo la kwanza lilikuwa na muziki dakika 12 kati ya 12. La pili dakika 3 na sekunde kidogo, sehemu nne tu.

Unaupata wapi? Sio Bongo Fleva unayoipenda. Kuna imani ya mtaani kwamba sekunde kumi hazihesabiwi, au kwamba ukiandika "sio wangu" umesamehewa. Hamna kitu kama hicho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, wasimamizi ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wimbo mmoja una haki mbili, ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, kwahiyo hata rafiki yako akiuimba upya bado mtunzi yupo. YouTube nayo ina mtambo unaotambua hata kipande kifupi. Njia salama: maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe, vitu vyenye leseni ya Creative Commons (soma herufi, CC BY lazima umtaje, yenye NC huruhusiwi kuuza), au prodyuza wa mtaani kwako akutengenezee na muandikishane kwenye karatasi, majina, sahihi, inatumika wapi na kwa muda gani. Karatasi, sio "poa kaka" ya WhatsApp.

Sisi tulienda Chamwino kwa mzee anayepiga ilimba, lile boksi la Wagogo lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Tulimweleza filamu inahusu nini, itaoneshwa wapi, tukamlipa, tukamwandika kwenye majina. Akapiga dakika 20 chini ya mti. Nikarudi gheto, nikaona kuna kimlio zzz zzz kila anapogusa chuma, nikasema maiki mbovu hii, nikachukua sampuli, nikasafisha, zzz ikaisha, ikabaki ting ting tamu kama mlio wa simu. Nikampelekea asikie. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, umeifanyia nini ilimba yangu, mbona kama ina mafua?"

Ile zzz ni ya makusudi. Kwenye boksi la ilimba kuna tundu linazibwa na utando wa buibui, ule wa mfuko wa mayai, ndo unaotetemeka. Fundi anautafuta, anaubandika, anaujaribu. Sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, yule Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki 2003, utaisikia. Mimi nilikuwa nimeifuta kama kelele ya feni. Kwahiyo sheria yangu tangu siku hiyo: chombo cha asili kisisafishwe na mtu asiyejua kinavyotengenezwa, muulize mpigaji kwanza.

Kosa la pili lilikuwa kinanda. Nikataka kuongeza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za piano chini ya ilimba ipate "hisia". Ikasikika chafu, nikadhani mzee hajatuni vizuri. Kumbe Wagogo wanatuni kwa kufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya noti moja, na mojawapo iko chini ya noti ya piano kwa kama theluthi ya nusu-toni. Sio kwamba kuna aliyekosea, ni ngazi mbili tofauti. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza ngoma, au besi ya noti moja tu ileile ya msingi. Au acha, peke yake inatosha.

Kuweka sasa. Muziki usiingie palepale mtu anapoanza kulia, umechelewa na umemwambia mtazamaji alie. Uingize umejificha nyuma ya kitu, bajaji inapita, mlango unafungwa, afu ikishapita tunakuta muziki upo. Utoke kabla ya neno kubwa. Kwenye "wamezikwa hapa" tulitoa kila kitu sekunde mbili kabla, yakabaki mabati, tak, tak. Na ukiufupisha wimbo, kata kwenye pigo la kwanza la mzunguko, mwisho wake uache uzime wenyewe.

Muziki ukipita chini ya maongezi, ushushe na pia utoboe nafasi: punguza dB 3 kati ya Hz 1,000 na 4,000, ndo eneo la konsonanti, ndo linalofanya neno lisikike.

Hatua ya 8: kumiksi

Weka voliumu ya hedifoni sehemu moja, ibandike plasta, usiiguse. Maongezi kilele chake kicheze kati ya -12 na -6 dB. Mazingira -30 mpaka -35. Muziki ukiwa peke yake unaweza kufika -12, ukiwa chini ya mtu -25 kwenda chini. Kompresa (inayobana sauti inapopanda sana) kwenye maongezi, uwiano wa 3 kwa 1, ishike dB 3 au 4 sio zaidi, na limita (ukuta ambao sauti haivuki) mwisho wa kila kitu kwenye -1. Ya YouTube lenga LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani wa filamu nzima), ukizidisha wanakushusha, ukipungua hawakupandishi.

Hizi namba ni pa kuanzia, sio Msahafu.

Afu jaribu kwenye simu, voliumu nusu, jikoni watu wanapika. Jaribu kwenye mono: bonyeza mono, kama sauti ya mtu inapotea ghafla basi chaneli zako mbili zinapingana, futa moja, tumia moja. Jaribu kwa mtu ambaye hajasoma skripti, mwambie arudie kila sentensi aliyosikia. Wewe umeshaikariri, masikio yako yanajaza maneno ambayo hayapo. Na kila dakika 45 toka nje, masikio yakichoka unaongeza juu mpaka filamu inakata kama kiwembe.

Hatua ya 9: kutoa na kuonesha

Video H.264, sauti AAC kbps 320, 48 kHz. Pembeni toa pia WAV tatu tofauti, maongezi, vishindo na mazingira, muziki, siku mtu akitaka kutafsiri au wimbo ukiwa na kesi hutarudia kazi.

Siku ya kuonesha fika saa moja kabla. Ukumbi unameza maneno na kukuza besi, kwahiyo tembea na toleo la pili ambalo muziki umeshushwa dB 3 zaidi. Beba waya wako wa sauti wa 3.5 mm. Na hili limeaibisha vikundi vingi kuliko yote niliyoandika: ukichomeka HDMI, laptopu inahamisha sauti yenyewe kwenda kwenye projekta, spika za ukumbi zinabaki bubu, kwenye mipangilio ya sauti irudishe kwenye tundu la hedifoni. Zima WhatsApp ya kwenye laptopu. Sisi mara ya pili bibi alisikika mpaka siti za nyuma, "wenzio wamezikwa hapa", muziki umetoka, mabati tak, tak, afu ting, mtu anaulizia hela ya LUKU ya gheto.